Kabla Usukani Haujafunguliwa: Mambo ya Kuzingatia Vitufe Vinapokataa Kuitikia

Vitufe vya usukani vikifa, wengi wakifika kwa fundi, iwe ni Kibuye hapa Kisumu au kule Nakuru, huambiwa maneno yale yale: "Mkubwa, hapa ni kufungua tu," na kidole tayari kiko katikati ya usukani. Kwa maoni yangu, hapo ndipo pa kufunguliwa mwisho. Nyuma ya kifuniko hicho kuna eabegi, mfuko unaofura kwa mlipuko wa kemikali kabla hujapepesa jicho, na hauna habari kama aliyeuamsha ni ajali au ni bisibisi. Halafu, mara nyingi ugonjwa hauko huko kabisa. Uko kwenye redio, na redio inatolewa bila kugusa kitu chochote kinacholipuka.

Jua kwanza umeme unapita wapi. Kwenye magari mengi yanayotoka Japani, redio hutuma umeme mdogo, wa volti zipatazo 5, mpaka kwenye vitufe. Kila kitufe kina rezista yake, kipande kidogo kinachozuia umeme kwa kiasi fulani, kwa hiyo ukikibonyeza, redio inaona kiwango tofauti na kutambua kwamba umetaka sauti ipande au stesheni ibadilike. Usukani unazunguka lakini nyaya za gari hazizunguki, ndiyo maana katikati kukawekwa utepe bapa wa nyaya uliokunjwa ndani ya kasha la duara. Mafundi wanaliita klokspringi. Utepe huo huo hubeba waya wa honi na nyaya za eabegi, na ukilishika jambo hilo moja, nusu ya uchunguzi utaifanya mwenyewe ukiwa umeketi kwenye kiti cha dereva.

Kabla hujampigia fundi simu, basi, andika ni nini hasa kimekufa na kimekufa pamoja na nini. Bonyeza honi. Weka ufunguo kwenye ON bila kuwasha injini, utazame taa nyekundu ya eabegi kwenye dashibodi: inatakiwa iwake, kisha ijizime yenyewe baada ya sekunde chache, sita hivi kwa Toyota nyingi. Honi ikiwa kimya, taa hiyo ikagoma kuzimika, na vitufe vimekufa, klokspringi ndiyo mshukiwa wa kwanza. Honi ikilia vizuri na taa ikazimika, usikubali upesi kuuziwa klokspringi. Kitufe kimoja kikikataa huku wenzake wanafanya kazi, kuna uchafu au kimechakaa. Upande mmoja wote ukifa, tafuta plagi iliyochomoka au waya uliokatika. Ikiwa vitufe hufa ukikata kona na kufufuka usukani ukinyooka, utepe umeanza kukatika ndani.

Na kama taa ya eabegi haiwaki hata kidogo unapoweka ufunguo ON, hilo ni jambo zito kuliko vitufe. Yapo magari yaliyowahi kugonga, eabegi ikafyatuka, kisha mtu akaficha taa badala ya kuweka eabegi nyingine. Mwambie fundi mapema, maana huenda ukafungua usukani ukakuta pango.

Vitufe vya kruzi, mfumo unaoshikilia mwendo bila wewe kukanyaga mafuta, vina masharti yao. Swichi kuu lazima iwashwe, na kwenye Toyota nyingi mwendo uwe umepita kilomita 40 kwa saa ndipo kruzi ikubali. Swichi ya pedali ya breki ikiharibika, kruzi hukataa pia, na mtu anaweza kulaumu usukani mwaka mzima. Kitufe cha simu nacho hakifanyi lolote simu ikiwa haijaunganishwa kwa Bluetooth. Inaonekana ni jambo dogo, lakini gari likiwa na menyu ya Kijapani kuanzia juu hadi chini, mwenye gari hujuaje?

Sasa redio, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo penye kesi nyingi. Jiulize: redio ilibadilishwa lini? Fielder, Axio, Note na Demio nyingi huku kwetu zimeng'olewa redio ya Japani zikawekwa skrini kubwa ya Android. Skrini hizo huwa na nyaya mbili zilizoandikwa KEY1 na KEY2 kwa ajili ya vitufe vya usukani, na nyuma ya redio ya Toyota kuna SW1, SW2 na SWG, hiyo ya mwisho ikiwa ndiyo waya wa kurudishia umeme. Fundi mwenye haraka huunganisha moto, spika na kamera ya nyuma, akafunga KEY1 na KEY2 kwa tepu na kuzisukuma ndani. Sauti inatoka, picha inaonekana, mteja analipa anaenda. Vitufe havikuharibika, havikuunganishwa tu. Hata vikiunganishwa, skrini lazima ifundishwe: unaingia kwenye mipangilio, unafungua sehemu ya usukani, unabonyeza kitufe na kukichagulia kazi, kimoja baada ya kingine. Betri ikikatwa, baadhi ya skrini husahau somo hilo, na kurudia ni kazi ya dakika chache isiyohitaji hata spana.

Kwa hiyo kama unajiandaa kubadilisha redio, jaribu vitufe vyote mbele ya fundi kabla hajagusa kitu, na mkubaliane waziwazi kwamba vitafanya kazi akimaliza. Uliza kama ana soketi ya kuunganishia inayolingana na gari lako. Zikitumika soketi, nyaya za kiwandani hubaki nzima, na siku ukitaka kurudisha redio ya zamani hutalia. Anayeanza kwa kukata nyaya na kuzisokota kwa meno, mwombe radhi uondoke. Ukiwa na gari la Ulaya, au jipya zaidi ambalo vitufe vyake huzungumza na kompyuta ya gari kwa data badala ya rezista, skrini hiyo itahitaji kisanduku cha kutafsiri data. Kama hakijanunuliwa, siku ya kazi bado haijafika.

Aliyebaki na redio ya asili ya Toyota ana mtego wake. Redio nyingi za Kijapani zenye ramani hujifunga betri ikikatwa, zikadai kadi ya SD ya ramani au namba ya kufungulia. Hapo skrini inabaki na maandishi ya onyo, na vitufe vya sauti havina cha kuamrisha. Kabla mtu yeyote hajalegeza nati ya betri, hata kama ni kwa kubadilisha betri tu, hakikisha kadi iko mahali pake, na iwe ni ile ile iliyokuja na redio. Mtu akiichomoa ili aweke nyimbo zake, anaitafutia redio kifo. Wengi hugundua hivyo asubuhi baada ya kuwasha gari kwa betri ya jirani.

Maji na vumbi navyo vina mchango wao. Kisumu kuna joto na unyevu wa ziwa, na magari huoshwa kwa bidii, mengine ufukweni kabisa. Kijana wa kuosha akimwaga sabuni kwenye dashibodi na kusugua usukani kwa brashi, maji huingia kwenye mianya ya vitufe. Kuna pia yale mafuta ya kung'arisha plastiki: hunukia vizuri, yakakaa chini ya vitufe na kukusanya vumbi. Ndani, vitufe vingi vimeundwa kama vya rimoti ya televisheni, raba yenye kipande cheusi cha kaboni kinachogusa bodi. Vikianza kukataa baada tu ya kuoshwa gari, ngoja vikauke siku moja au mbili kabla hujatumia pesa. Vikiwa vinanata, kitambaa kilichonyevuliwa kidogo kwa spiriti juu juu kinatosha kwa kuanzia. Usipulize dawa ya kusafishia swichi moja kwa moja kwenye usukani uliofungwa, kwa sababu hujui itachuruzika mpaka wapi.

Fyuzi nitazipitia haraka. Fungua kisanduku, soma mchoro ulio kwenye kifuniko, kagua ya redio na ya honi. Iliyoungua ibadilishwe kwa yenye ampea zile zile, wala si kubwa zaidi. Ikiungua tena, acha, kuna waya unaogusa bodi ya gari.

Mpaka hapo usukani haujaguswa, na bado kuna kipimo kimoja kinachopaswa kutangulia. Muulize fundi kama ana mita ya umeme na kama anaweza kupima vitufe kutoka nyuma ya redio. Jibu lake litakueleza mengi kuhusu yeye. Ufunguo ukiwa umezimwa na plagi ikiwa imechomolewa kwenye redio, anaweka mita kwenye omu, yaani kipimo cha ukinzani wa umeme, ncha moja kwenye SW1 na nyingine kwenye SWG, wewe unabonyeza. Kwenye baadhi ya Toyota, bila kubonyeza mita husoma karibu omu 100,000, kitufe cha stesheni mbele hushuka karibu na sifuri, cha stesheni nyuma husoma kama 329, cha kuongeza sauti kama 1,000, na cha kupunguza kama 3,110. Gari lako linaweza kuwa na namba nyingine. La muhimu ni kwamba kila kitufe kitoe kiwango chake, na kitoe kile kile kila mara. Vikitoa, basi vitufe, utepe na nyaya vyote ni vizima, na tatizo ni redio. Mita isiposogea kwa kitufe chochote, njia imekatika mahali fulani. Kisha zungusha usukani taratibu, kushoto mwisho na kulia mwisho, huku umebonyeza kitufe kimoja: namba zikirukaruka, klokspringi imekiri yenyewe.

Ikiwa imekiri, sasa kufungua ni halali, lakini kwa mpango. Magurudumu yanyooke kabisa na usukani ufungwe usizunguke. Taminali ya hasi ya betri itolewe, kisha mngoje. Toyota huelekeza sekunde 90 kabla ya kugusa eabegi, wengine huelekeza dakika 3 au zaidi. Mkingoja 10 hakuna atakayewacheka. Plagi za rangi ya njano ni za eabegi, hazipimwi kwa mita hata kwa utani. Eabegi iliyotolewa hubebwa mbali na mwili na kulazwa uso ukitazama juu, mahali ambapo hakuna mtoto wala jua kali.

Tena kuna suala la Takata, kampuni ya Japani iliyofilisika mwaka wa 2017. Eabegi zake ziliwekwa kwenye Toyota, Honda, Nissan, Mazda, Subaru na nyingine nyingi. Mamilioni ziliitwa zibadilishwe kwa sababu kemikali yake, baada ya miaka mingi ya joto na unyevu, inaweza kulipuka kwa nguvu ya kupasua kasha la chuma na kurusha vipande. Joto na unyevu ndiyo hali ya hewa ya Kisumu. Gari la mwaka wa zamani lililotua Mombasa likiwa limekwisha kutumika lisifunguliwe usukani kabla hujakagua. Magari ya soko la Japani hayana namba ndefu ya herufi na tarakimu 17, yana namba fupi ya chesisi, kwa mfano inayoanza NZE141 kwa Axio na Fielder, kwa hiyo ukaguzi hufanywa kwenye tovuti ya Kijapani ya kampuni iliyotengeneza gari.

Klokspringi mpya uinunue kabla gari halijafunguliwa, vinginevyo utaliacha limelala uwanjani bila usukani fundi akizunguka maduka. Beba namba ya chesisi dukani, ulinganishe plagi na idadi ya nyaya, maana klokspringi mbili huweza kufanana sura moja ikakosa waya wa kruzi. Uliza pia kama gari lako lina sensa ya pembe ya usukani ndani ya kasha hilo. Likiwa nayo, mtahitaji mashine ya kusoma kompyuta ya gari baadaye. Iliyotoka kwenye gari la Japani lililovunjwa si mbaya, ila ipimwe na mita hapo hapo kaunta, na usiizungushezungushe ukiiangalia. Katikati yake ikipotea, lazima itafutwe upya: kwa Toyota nyingi, inazungushwa kushoto taratibu mpaka igome, halafu kulia mizunguko kama 2 na nusu mpaka alama zikutane. Ikifungwa bila hivyo, inaweza kukatika kwenye kona kubwa.

Chagua siku yenye mchana mrefu mbele yako, na usiende saa kumi jioni mawingu ya ziwa yakiwa yamejikusanya. Kabla hujalipa, keti wewe mwenyewe kwenye kiti, weka ON, hesabu taa ya eabegi mpaka ijizime, bonyeza honi, bonyeza kila kitufe usukani ukiwa umenyooka, kisha ukiwa kushoto mwisho, kisha kulia mwisho. Omba klokspringi ya zamani ukaondoke nayo. Taa ya eabegi ikibaki inawaka, gari halijamaliza kutengenezwa, hata kama redio inaimba.