Kabla hujafungua pindo la kanga: kuchagua simu ya bei nafuu itakayodumu

Shangazi yangu alikuja kwenye kibanda changu cha ufundi wa simu, Ngamiani, Tanga, asubuhi moja na shilingi 350,000 alizozifunga kwenye pindo la kanga. Analima mwani huko Mkinga. Kikundi chao cha akina mama kilikuwa kimeanza kupeana habari za bei za wanunuzi kwa WhatsApp, naye bado alikuwa na kitochi. Baada ya shikamoo na marahaba na kuulizana hali za nyumbani, akasema, "Mwanangu, nimeambiwa ninunue ile yenye kamera nne." Nikamkalisha, nikamwagizia kahawa na kashata, na tukazungumza karibu saa nzima kabla ya kukanyaga dukani. Niliyomwambia siku ile nayaandika hapa, pamoja na mengine niliyojifunza kwa miaka tisa ya kufungua simu za watu wa Tanga.

Sikuanza na kamera. Nilimuuliza simu itakaa wapi. Akaniambia itakaa kiunoni, kwenye kanga, na mara nyingi mikono yake itakuwa imelowa maji ya bahari. Nikamuuliza mtandao gani unashika vizuri pale kijijini, na kama ni 4G au ni ule wa polepole. Nikamuuliza umeme ukoje. Majibu ya maswali hayo yanaondoa nusu ya simu zilizopangwa kwenye kabati la duka, na hakuna muuzaji aliyewahi kumuuliza.

Chumvi ndiyo adui mkubwa wa simu huku kwetu. Nikifungua simu ya mvuvi wa Deep Sea, hapa hapa Tanga, iliyokaa naye mwaka mmoja, nakuta pini za sistimu chaji, yaani tundu la kuchomekea chaji, zimeota kutu ya kijani. Kwenye boksi utaona alama kama IP54 au IP67. IP54 maana yake simu inavumilia matone na mrusho wa maji, basi. IP67 hupimwa kwa kuizamisha simu kina cha mita 1 kwa dakika 30, lakini ni kwenye maji matamu, si ya bahari. Simu nyingi za bei ya shangazi hazina hata hiyo IP54. Kwa hiyo tenga hela ya mfuko wa plastiki wa kuning'iniza shingoni. Ni hela ndogo sana ukilinganisha na ninayokutoza mimi kusafisha bodi.

Mimi huhesabu bei ya simu mara mbili: bei ya siku ya kuinunua, na bei ya siku kioo kitakapopasuka. Kitapasuka. Kabla hujalipa, pita kwa fundi unayemwamini umuulize swali moja tu: "Kioo cha simu hii unacho, au unaagiza Kariakoo?" Akisema anacho droo nzima, hiyo ni simu ya mtu wa Tanga. Akianza kukuna kichwa, fikiria tena. Uliza pia kama kioo ni LCD au AMOLED. AMOLED kina rangi nzuri zaidi na huonekana vizuri juani, lakini hapa kibandani kukibadilisha hugharimu mara mbili ya LCD, pengine zaidi. Kwa mtu ambaye simu yake itaanguka kwenye mawe ya pwani, mimi nachagua LCD bila kusita.

Sasa hizo kamera nne. Simu nyingi za bei nafuu zina kamera moja inayofanya kazi kweli, na pembeni yake kuna lenzi za megapikseli 2 au chini ya hapo, ambazo picha zake huna utakachofanyia. Nyingine ni duara la kioo tu, ndani hakuna kitu. Nimezifungua, nimeona. Hata ile "megapikseli 50" kwa kawaida huunganisha nukta nne kuwa moja, ukapata picha ya megapikseli 12 na nusu. Si vibaya, picha hutoka na mwanga mzuri zaidi, lakini usiongeze hela kwa sababu ya namba. Piga picha pale pale dukani, ndani kwenye kivuli, umpige mtu usoni, kisha ivute uitazame. Hiyo inakuambia zaidi ya maandishi yote ya boksi.

Kuna jambo moja linaloniumiza, nalo ni RAM. Mwaka 2022 nilimnunulia mama simu iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwamba ina GB 8. Nilikuwa na haraka, sikusoma maandishi madogo: GB 4 jumlisha 4. Maana yake RAM halisi ni GB 4, na nyingine nne zinakopwa kwenye hifadhi, yaani mahali picha na video zinapokaa. RAM ni meza ya fundi, hifadhi ni kabati. Ukiambiwa meza yako ni futi nane, kumbe futi nne ni rafu ya kabatini, kila mara utainuka kwenda kuchukua bisibisi. Kabati halina kasi ya meza, hasa kwenye simu hizi zinazotumia hifadhi ya polepole ya aina ya eMMC. Mama hakuelewa kwa nini simu mpya inamkwamia, na mimi fundi nikaona aibu. Tangu siku hiyo kila mteja namwambia: uliza RAM halisi, tena utajiwe namba moja. Ya GB 2 usinunue kama utatumia WhatsApp ya vikundi vikubwa. GB 4 halisi inatosha kwa mtu kama shangazi. Hifadhi isipungue GB 64, kwa sababu mfumo wenyewe wa simu hula sehemu kubwa kabla hujaweka hata picha moja.

Prosesa, yaani ubongo wa simu, watu huiogopa bure. Kwenye tangazo la simu tafuta jina lake, kisha angalia kama ina viini vikubwa, yaani sehemu zake zenye nguvu zaidi za kufanya kazi. Unisoc SC9863A ina viini vinane, lakini vyote ni vidogo, aina ya Cortex-A55. Unisoc T606 na MediaTek Helio G85 nazo zina vinane, ila viwili kati yake ni vikubwa, Cortex-A75, na hapo utaona tofauti unapofungua programu. Helio G99 ni ya juu zaidi: ina viini viwili vya A76 na imetengenezwa kwa teknolojia ya nanomita 6 badala ya 12 (namba ndogo ni ya kisasa zaidi), hivyo inakula chaji kidogo kwa kazi ile ile. Ukiikuta G99 kwenye bajeti yako, simama hapo uulize bei vizuri.

Kuhusu majina. Watu huja wakibishana Tecno na Infinix kama Simba na Yanga, na huwa wanashangaa nikiwaambia kwamba Tecno, Infinix na itel ni watoto wa mama mmoja, kampuni ya Transsion ya Shenzhen, China, iliyoanzishwa mwaka 2006. Huduma yao ya matengenezo ni moja pia, Carlcare. Basi usilinganishe majina, linganisha ngazi. Tecno inaanzia chini na Pop, kisha Spark, kisha Camon, halafu Phantom. Infinix inaanza na Smart, kisha Hot, kisha Note, halafu Zero. Xiaomi ina Redmi A chini, Redmi zenye namba tupu katikati, na Redmi Note juu yake. Samsung, kwenye Galaxy A, namba ndogo ndiyo ngazi ya chini: A06, A16, na kuendelea. Mtu akikuambia Infinix ni nzuri kuliko Tecno kwa sababu Note yake imeishinda Pop ya rafiki yake, amelinganisha ghorofa ya tatu na ya kwanza.

Siku ile mimi na shangazi tulibakiwa na mbili mezani: Samsung Galaxy A06 na Tecno Spark 20. Zote zina Helio G85, betri ya mAh 5,000 na kioo cha LCD, kwa hiyo kasi yake ni karibu sawa. Spark 20 ina kioo kinachotelezesha maandishi kwa Hz 90, yaani hujichora upya mara 90 kwa sekunde, wakati A06 ni Hz 60, hutoka hata kwa hifadhi ya GB 256, na boksini kuna kichwa cha chaji. Samsung nyingi za siku hizi boksini utakuta waya tu, kichwa unanunua mwenyewe, na hiyo ni gharama ya kuiingiza kwenye hesabu kabla hujaondoka nyumbani. Lakini Samsung iliiahidi A06 masasisho ya usalama, yale yanayoziba mianya ya wezi wa mtandaoni, kwa miaka 4, na A16 miaka 6. Simu za Tecno za ngazi ya Spark hazina ahadi ya urefu huo. Shangazi hela zake za mwani zitapita kwenye simu hiyo, na si mtu wa kubadilisha simu kila mwaka. Nikamchagulia A06. Mdogo wangu anayerekodi video za mpira Mkwakwani ningemchagulia Spark 20, kwa ile hifadhi, wala nisingejuta.

Redmi nazipenda, kwa hela ile ile mara nyingi unapata prosesa nzuri. Kasoro ninayokutana nayo ni vipuri: baadhi ya matoleo kioo chake nakisubiri kutoka Dar. Pixel za mtumba zina kamera tamu kweli, lakini Google haiziuzi rasmi hapa nchini, na ikiharibika kipuri chake ni kazi kukipata. iPhone ya zamani kwa bei ya chini ina mtego wake. iPhone X, kwa mfano, iliachwa nje mwaka 2023 mfumo mpya wa iPhone, iOS 17, ulipotoka. Ukiamua kuinunua, ingia kwenye mipangilio ya betri utazame uwezo wake uliobaki.

Simu ya mtumba kwa ujumla haina ubaya, ila usilipe kabla hujairudisha kwenye hali ya kiwandani mbele ya muuzaji, ukaiwasha upya na bando likiwa limewashwa. Ikidai akaunti ya mtu mwingine, rudisha. Nasisitiza bando, kwa sababu siku hizi kuna simu zinazouzwa kwa mkopo, na mwenye deni akiacha kulipa, simu hujifunga yenyewe kwa mbali. Kijana mmoja aliniletea simu aliyoinunua stendi, nzuri, safi, imefanya kazi siku kumi na mbili kisha ikajifunga. Hakuna fundi mwaminifu wa kukufungulia hiyo. Aliyemuuzia hakuonekana tena.

Dukani tulifanya hivi. Boksi likafunguliwa juu ya kaunta. Shangazi mwenyewe akabonyeza *#06#, zikatokea namba za IMEI, yaani namba za utambulisho wa simu, tarakimu 15 kila moja, tukazilinganisha na za kwenye boksi. Nikatuma ya kwanza kwa ujumbe mfupi kwenda 15090, huduma ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na jibu likarudi likiitambua simu kuwa ni A06. TCRA ilizima simu bandia mwezi Juni 2016, lakini bado zipo za kuigiza, ndiyo maana jina la simu kwenye jibu lazima lifanane na uliyoshika. Tukapiga simu kwa laini ya kwanza, kisha ya pili, tukasikiliza spika, tukachomeka chaji tuone kama inapokea, nikaufungua ukurasa mweupe na kuutazama kwa pembeni kama kioo kina doa. Muuzaji alianza kuchoka. Nilimwambia kwa upole kwamba hela hizi ni za msimu mzima wa mtu kusimama majini hadi magotini, naye akatuvutia kiti.

Tukaomba risiti yenye jina la simu na IMEI imeandikwa, si karatasi ya "simu 1" peke yake. Bila IMEI kwenye risiti, dhamana inakuwa maneno matupu, na ikiibiwa hutakuwa na cha kuwaonyesha polisi.

Tulirudi kibandani tukaiwekea protekta na kava lenye kingo ndefu, tukaisasisha kwa intaneti yangu ili isimmalizie bando, na nikamwonyesha namna ya kuzuia WhatsApp isijipakulie kila video. Nikamwambia pia, ikianguka baharini aizime hapo hapo, asiichomeke chaji wala asiizike kwenye mchele, ailete siku ile ile. Alipokuwa anasubiri gari la Mkinga, akatoa daftari lake la mahesabu ya mwani, akaandika IMEI zote mbili kwenye jalada la nyuma, tarakimu moja moja, akinisomea kwa sauti ili nihakikishe.