Jinsi ya kulitambua koti la zamani la kijeshi lililotoka kwenye sanduku la babu

Ngamiani, koti la kaki likitolewa kwenye sanduku la marehemu, wa kwanza kulishika husema, "Hili la Mjerumani." Simlaumu. Novemba 1914 Waingereza walishusha hapa Tanga jeshi kubwa kutoka India, likapigwa na askari wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, mpaka likarudi melini, na habari hiyo wazee wetu wameisimulia hadi leo. Ila makoti yanayofika mezani kwangu, mimi fundi cherehani, karibu yote ni ya Mwingereza, ya vita vya pili vya dunia, ya babu zetu waliokuwa Keya, yaani KAR, jeshi la Mwingereza la Waafrika wa Afrika Mashariki. Kumpa babu vita visivyo vyake ni kumnyang'anya vile alivyopigana kweli. Ndiyo maana naandika.

Tuanze na sheria. Tanzania raia haruhusiwi kuvaa sare za jeshi, na mwaka 2023 JWTZ liliwataka raia wenye mavazi ya kijeshi, hata yale yanayofanana nayo tu, wayasalimishe. Kwa hiyo jaketi la mabaka ulilolikuta kwenye belo la mitumba lipeleke polisi, usilitundike dukani. Koti la urithi nalo usilivae, hata kwa kupigia picha. Mfuate mwenyekiti wa mtaa, nendeni kituoni, uulize utaratibu wa kulihifadhi.

Hatua ya 1: Usilifue

Nilipokuwa bado mgeni katika kazi hii niliwahi kulifua koti la mzee mmoja wa Chumbageni kwa nia njema, lirudi kwa watoto wake likiwa safi. Muhuri wa wino uliokuwa ndani ya bitana ukaenda na maji. Zilibaki tarakimu mbili, 19, na mwaka wenyewe hatukuujua tena. Linaniuma mpaka sasa. Kung'uta vumbi kwa brashi laini, lianike kivulini penye upepo, basi.

Hatua ya 2: Ligeuze ndani nje

Nje ya koti kila mtu anaweza kushona chochote. Ndani ndiko kiwanda kilikoandika. Tafuta lebo ya kitambaa au muhuri chini ya kola, ndani ya mfuko wa kifuani na kwenye bitana ya ubavu. Koti la Mwingereza lina alama ya mshale mfupi mpana, mara nyingi ukiwa katikati ya herufi W na D, yaani idara ya vita. Mshale ukiwa ndani ya herufi U, koti lilikubaliwa Afrika Kusini. Ukiwa ndani ya C, ni Kanada. Lebo nzima hutaja aina ya vazi, namba ya saizi, kimo na kifua cha mvaaji, jina la kiwanda na mwaka.

Wino ukiwa umefifia, zima taa, ulaze mwanga wa tochi ubavuni mwa kitambaa, piga picha kwa simu, kisha ongeza ukolezi wa picha. Maandishi ambayo jicho halikuyaona hujitokeza. Nimesoma lebo nyingi kwa njia hii kuliko kwa miwani.

Hatua ya 3: Vifungo

Angalia taji. Taji lenye mabega ya mviringo yaliyoinuka ni la wafalme, lilitumika kuanzia 1901 hadi Malkia Elizabeth alipotawazwa 1953. Taji lililobonyea katikati ni la malkia. Lakini kifungo hukatika na kubadilishwa, kwa hiyo taji linakupa umri wa kifungo, si wa koti.

Ukikuta koti la dril, yaani kitambaa kigumu cha pamba, lina vitundu vidogo vilivyodariziwa na halina vifungo kabisa, usidhani limeharibika, na tafadhali usivizibe. Vifungo vya shaba vilishikwa kwa pete ndogo upande wa ndani ili vitolewe dobi anapofua.

Hatua ya 4: Mkato

Hapa fundi hufurahi. Kwenye dril za kaki usitegemee sana mkato, kwa maana zinafanana mno. Lakini blauzi fupi ya sufu ya Mwingereza, ile inayoishia kiunoni kwa mkanda wake, inasema wazi. Ya mwaka 1937 ina vifungo vilivyofichwa chini ya ukingo na mifuko ya kifuani yenye mkunjo. Vita vilipokaza, kitambaa na saa za kushona vikabanwa: mkunjo ukaondolewa, vifungo vikaachwa wazi, vingi vya plastiki. Ya 1949 ina kola iliyofunguka kama ya suti, tai ionekane. Nikiziweka tatu mezani, naiona vita katika kila sentimita ya kitambaa iliyookolewa.

Sufu nzito katika joto la Tanga ni jambo geni, na ugeni huo ni wa kuufuatilia. Uliza ukoo: babu alikaa wapi penye baridi?

Hatua ya 5: Uzi

Chomoa uzi mfupi kwenye pindo la ndani, uchome kwa kiberiti juu ya sahani. Pamba inanuka karatasi na kuacha jivu jepesi. Sufu inanuka nywele. Ukiyeyuka na kuacha kishanga kigumu, huo ni uzi wa plastiki, na koti la mwaka 1914 haliwezi kuwa limeshonwa nao. Labda lilirekebishwa baadaye, au ni la kuigiza.

Ile taa ndogo ya mawakala ya kukagulia noti pia husaidia. Uzi wa kisasa mara nyingi hung'aa buluu-nyeupe chini yake. Jihadhari lakini: koti la kale lililofuliwa kwa sabuni ya unga ya leo hung'aa lote, kwa hiyo mng'ao peke yake usikufanye ulikatae.

Hatua ya 6: Namba ya tarakimu 13

Makoti ya majeshi ya Ulaya na Marekani ya kuanzia miaka ya 1970 mara nyingi yana namba ndefu ya tarakimu 13. Nne za mwanzo ni aina ya bidhaa, mfano 8415 au 8405 kwa mavazi. Mbili zinazofuata ni nchi: 00 na 01 Marekani, 12 Ujerumani, 13 Ubelgiji, 14 Ufaransa, 99 Uingereza. Ukiiona namba hiyo, hadithi ya babu wa Keya imekwisha, maana Keya ya Tanganyika ilifikia mwisho na uhuru wa 1961.

Hatua ya 7: Begani, kisha kwa watu

Beji huja na kuondoka, ila mahali ilipokaa kitambaa hakikupigwa na jua. Tafuta doa lenye rangi iliyokolea na vitundu vya sindano, upime umbo lake. Kichwa cha kifaru kilikuwa alama ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyopigana Burma.

Hapo sasa ndipo nawauliza wazee. Koti geni kuliko yote niliyowahi kushika lilikuwa la dril ya kijani, muhuri wa 1944, namba ya askari imeandikwa kwa mkono ndani ya kola. Ukoo ulisema la Mjerumani. Kijani kile kilikuwa cha msituni, kilichochukua nafasi ya kaki upande wa Burma, na mwaka ule Divisheni ya 11 ilishuka bonde la Kabaw katikati ya masika ya huko. Nilipomweleza binti yake, bibi wa makamo, alinyamaza kidogo. Kisha akasema baba yake hakusimulia vita kamwe, ila mvua kubwa ikianza usiku aliamka, akaketi mlangoni na viatu miguuni mpaka inyamaze.

Tuliyaandika hayo kwa penseli kwenye karatasi, pamoja na namba na mwaka, tukaiweka mfuko wa kushoto.