Kupata jina la faili kutoka kwenye njia yake kwa Python

Kabla hujaandika mstari wowote, jiulize: hii njia ya faili imetoka wapi? Ni ya mashine ileile inayoendesha programu, au kuna mtu kaituma kutoka kwenye kompyuta yake ya Windows? Mimi sikujiuliza, na nitaeleza yaliyonikuta.

Hatua ya 1: Acha kukata kwa mkono. Wengi tulianzia hapa:

```python
njia = "/home/asha/risiti/machi.pdf"
njia.split("/")[-1]   # machi.pdf
```

Inakubali, hadi siku njia ije na mkwaju (`/`) mwishoni. Hapo unabaki na stringi tupu.

Hatua ya 2: Tumia pathlib. Imo ndani ya Python tangu toleo la 3.4 la mwaka 2014, kwa hiyo hakuna cha kusakinisha.

```python
from pathlib import Path
p = Path(njia)
p.name     # machi.pdf
p.stem     # machi
p.suffix   # .pdf
```

Kwenye kodi za zamani utakuta `os.path.basename(njia)`. Si vibaya, ila ukiipa `/home/asha/risiti/` inarudisha stringi tupu, wakati `Path` inakurudishia `risiti`. Ukibadilisha moja kwa nyingine bila kuangalia, folda itapita kama faili.

Hatua ya 3: Viendelezi viwili. Kwa `nakala.tar.gz`, `stem` inatoa `nakala.tar`. Usikimbilie kufuta kila kilichomo kwenye `suffixes` (orodha ya viendelezi vyote vya jina), maana `mauzo.2024.pdf` itapoteza mwaka wake. Taja unachotaka kiondoke (Python 3.9 na kuendelea):

```python
Path("nakala.tar.gz").name.removesuffix(".tar.gz")   # nakala
```

Hatua ya 4: Njia zilizotoka Windows. Hapa ndipo nilipoumbuka. Seva yangu ilikuwa Linux, na programu ya dukani ilikuwa inatuma risiti pamoja na njia nzima. Asubuhi nafungua folda, nakuta faili zinaitwa hivi: `D:\Duka\Risiti\machi.pdf`. Lote hilo ni jina! Nililaumu Python bure. Kwenye Linux, mkwaju wa kinyume (`\`) ni herufi ya kawaida tu, inaruhusiwa ndani ya jina la faili. (Windows iliurithi kutoka MS-DOS 2.0 ya mwaka 1983, iliyoleta folda wakati mkwaju wa kawaida tayari ulikuwa unatumika kwa vigezo vya amri.)

Dawa yake:

```python
from pathlib import PureWindowsPath
PureWindowsPath(r"D:\Duka\Risiti\machi.pdf").name   # machi.pdf
```

Hii haigusi diski, hivyo inaendeshwa popote, na inaelewa mikwaju yote miwili. Usisahau ile `r` mwanzoni unapoandika njia ndani ya kodi: bila hiyo, `"D:\nyaraka"` inakatika na kuwa mistari miwili, kwa sababu `\n` ni alama ya mstari mpya.

Hatua ya 5: Kagua kabla ya kuhifadhi. `PureWindowsPath("..").name` inarudisha `..` vilevile, na mzizi mtupu (kama `D:\` peke yake) unarudisha stringi tupu. Kwa jina lililotumwa na mtu wa nje, mimi huweka hivi:

```python
jina = PureWindowsPath(njia).name
if jina in ("", ".."):
    raise ValueError("Jina la faili halifai")
```