SOMO: Kutu ya fremu ya kioo cha mbele kwa magari ya zamani

Wakuu, mvua zimekata, Mbeya saa hizi kumekauka, huu ndo muda wake, ukisubiri Novemba utakuwa unakamua kapeti kila asubuhi. Wa Tukuyu poleni, kwenu mvua haina likizo.

1. Toa kioo. Hapa ndo wengi wanakwepa, wanapaka rangi juu juu wakati kutu iko chini ya raba inaendelea kula. Kioo cha raba kama Land Rover 110, kata raba utanunua mpya. Cha gundi kama Mark II GX100, pitisha waya mwembamba wa chuma kwenye gundi, mmoja ndani mmoja nje, mnavutana taratibu.

2. Kwangua kwa brashi ya waya na msasa namba 80 mpaka chuma king'ae, halafu chokonoa na bisibisi, ikizama hapo hakuna dawa, kata chomelea bati jipya. Chomoa betri kwanza, funika dashibodi na blanketi bichi, na piga nukta nukta, ukiunganisha mstari mmoja fremu inapinda na kioo hakikai tena.

3. Vishimo vilivyobaki paka dawa ya kutu yenye asidi ya fosforiki, fuata maelezo ya kopo, kikishakauka piga epoksi praima (rangi ya kwanza ya kuziba chuma) siku hiyohiyo, umande wa huku chuma kitupu kinalala kizima kinaamka chekundu. Bodi fila (ile pasta ya kujazia mabonde) weka juu ya praima, na USIWEKE pale gundi inapokaa, itabanduka na kioo.

4. Rangi, ikauke kabisa, ndo urudishe kioo.

MASWALI

Mdau, Mwanjelwa: Mkuu fundi kasema apige silikoni tu yaishe?
– Ile inayonuka siki ndo inachochea kutu, na rangi haishiki tena hapo. Mkatalie.

Mdau, Mafinga: Gundi natoka na gari siku hiyohiyo?
– Angalia muda kwenye tyubu halafu ongeza, gundi inakaushwa na unyevu wa hewa, baridi kavu ya Juni inaichelewesha. Acha dirisha wazi kidogo, usibamize mlango, upepo wa ndani unasukuma kioo.

Mdau, Iringa: Na raba naingizaje kaka, imenishinda
– Zungushia kamba kwenye mfereji wa raba, msaidizi asukume kioo toka nje we unavuta kamba ukiwa ndani, mdomo wa raba unakuja wenyewe. Pakaa maji ya sabuni, sio oili wala grisi, zinaila raba.