Zamu ya usiku Bukavu: tuwe na nini kabla mgonjwa hajatapika damu?

Mara nyingi choo cheusi, kinachonata kama lami na kunuka vibaya, hutangulia beseni la damu. Kwa hiyo muulize kila mgonjwa wa wodi choo chake kina rangi gani, asubuhi na jioni, bila haya. Vidonge vya madini ya chuma navyo hukifanya cheusi. Uliza pia kuhusu diklofenaki, ibuprofeni na aspirini. Dawa hizo, rahisi kuzipata kwenye masoko ya Kadutu au Nyawera, huchubua tumbo.

Kinachoninyima usingizi zaidi ni damu ya kuongeza. Friji ikiwa tupu usiku wa manane, hakuna sindano itakayoziba pengo hilo. Mtoaji lazima apimwe kundi, virusi vya UKIMWI, homa ya ini B na C, na kaswende, na hayo huchukua muda. Basi mwenye vidonda vya tumbo au ugonjwa wa ini akilazwa tu, pima kundi lake siku hiyo hiyo, uongee na ndugu wanaomlinda wakiwa bado watulivu: “Mama, nani kati yenu anaweza kutoa damu ikihitajika?” Nimeona familia ikianza kupigiana simu wakati mgonjwa mikono imeshakuwa baridi. Sitaki kuliona tena.

Mezani ziwepo sindano za mshipa za kijivu (G16) au kijani (G18), mbili kwa kila mgonjwa. Ya buluu hupitisha serumu (maji ya dripu) polepole mno. Oksijeni, mashine ya kunyonya matapishi, serumu ya Ringer, omeprazoli ya sindano (hupunguza asidi ya tumbo) miligramu 80, na taa iliyochajiwa, maana umeme wetu tunaujua. Kwa mwenye ini lililosinyaa, seftriaksoni (antibiotiki) gramu 1, na oktreotidi (hupunguza msukumo wa damu kwenye mishipa ya ini) ikipatikana.

Hemoglobini (kipimo cha wingi wa damu) ya kwanza hudanganya: damu iliyobaki mwilini bado ni nzito. Amini mapigo na presha. Aliyetulia huongezewa damu hemoglobini yake ikishuka chini ya 7 g/dL, mwenye ugonjwa wa moyo mapema zaidi. Anayemwaga nyingi hasubiri kipimo. Asidi ya traneksamiki, dawa ya kuzuia damu kutoka, waachieni wakunga kwa damu ya uzazi: utafiti wa HALT-IT wa 2020 ulionyesha kwamba kwa damu ya tumbo haipunguzi vifo, ila huongeza degedege na damu kuganda mishipani.

Namba ya docta wa endoskopi (kamera inayoingizwa tumboni kupitia mdomo) ibandikwe ukutani, na ya dereva wa ambulansi pia. Kipimo cha endoskopi hufanywa ndani ya saa 24, mgonjwa akishatengamaa. Kama kiko hospitali nyingine, aondoke na muuguzi, serumu zikiendelea kutiririka.