Ukimaliza kitabu maktaba, kiache mezani

Kwa mnaokwenda Maktaba Kuu ya Taifa, pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed, Dar es Salaam: ukishasoma kitabu usikirudishe rafuni mwenyewe, hata kama unaona unasaidia. Kiache mezani. Vitabu hupangwa kwa namba za Dewey, yaani kila mada na namba yake, ile iliyobandikwa mgongoni mwa kitabu. Kitabu cha kilimo (630) kikichomekwa kwenye 960 penye historia ya Afrika, ndiyo basi tena. Kimo humohumo ndani, ila hata mkutubi hakipati.

Chenye herufi R juu ya namba ni cha rejea, hakiazimwi. Usibishane na mhudumu, kaa unakili. Shika daftari na kalamu mkononi, maana begi mara nyingi huachwa mlangoni.

Unatafuta kitabu cha Kitanzania kisichochapishwa tena, maduka yote ya vitabu hayana? Anzia hapo. Sheria inawataka wachapishaji nchini wapeleke nakala maktaba hiyo. Mwulize mkutubi moja kwa moja. Kuna watu huzunguka rafu nusu saa kwa kuona haya tu, na mwenye kujua amekaa pale kaunta anawatazama.