Mayai ya kware: kuyahifadhi na kuyatotolesha kwa mara ya kwanza

Kware wa kufugwa, yule wa asili ya Japani, karibu amepoteza kabisa tabia ya kuatamia, kwa hiyo utahitaji mashine. Lakini mashine haiponyi yai lililoharibika kabla ya kuingia humo, na mayai mengi ya wanaoanza huharibikia kwenye kuhifadhiwa.

Chukua mayai kwenye kundi lenye dume mmoja kwa majike watatu au wanne. Chagua yenye uzito wa gramu 10 hadi 12, umbo la kawaida na ganda lisilo na ufa. Uchafu mdogo ufute kwa kitambaa kikavu. Usiyaoshe: maji huondoa utando unaozuia vijidudu kupenya.

Yahifadhi kwenye nyuzi 13 hadi 18 za Selsiasi, ncha ikitazama chini, kwa siku 7 tu. Joto likipita nyuzi 21 hivi, kiinitete huanza kukua kidogo kidogo, kisha hudhoofika na kufa. Ndiyo maana yai lililokaa mezani siku tano Dar es Salaam au Mombasa ni la kukaangwa. Friji nayo, kwa nyuzi 4, ni baridi mno. Tumia boksi la kuhifadhia baridi lenye chupa ya maji yaliyoganda, iliyofungwa kwa taulo, na uibadilishe asubuhi na jioni. Yakikaa zaidi ya siku tatu, yainamishe upande huu na ule kila siku. Kabla ya kuyaingiza kwenye mashine, yaache chumbani saa 4 hadi 6 yapoteze ubaridi. Yakitoka jasho, subiri yakauke yenyewe.

Washa mashine saa 24 kabla. Yenye feni iwe nyuzi 37.5 hadi 37.7, isiyo na feni iwe 38.5, ukipima usawa wa juu ya mayai. Kipima unyevu kijaribu kwanza: kifungie kwenye mfuko pamoja na kifuniko cha chupa chenye chumvi iliyoloa, ukiache saa 8. Kinapaswa kusoma asilimia 75. Kikisoma vingine, tofauti hiyo ndiyo utakayoirekebisha kila mara. Kagua pia trei, kwani trei za mayai ya kuku ni pana na yai la kware huteleza humo bila kugeuka.

Siku 14 za kwanza unyevu uwe asilimia 45 hadi 50. Pwani, hewa ya nje mara nyingi inatosha bila kuongeza maji. Nairobi au Arusha, hewa ile ile ikipashwa joto hukauka sana, kwa hiyo maji ni lazima. Mizani ya jikoni itakupa uhakika: mayai 50 yenye jumla ya gramu 550 yabaki na gramu 485 hadi 490 siku ya 14. Yakipungua zaidi ya hapo, ongeza maji. Yakipungua kidogo mno, punguza. Geuza angalau mara tatu kwa siku. Kumulika yai kwa tochi, ili kuona kama kiinitete kinakua, kunasumbua kwa sababu ya madoa ya ganda. Jaribu gizani siku ya 8.

Siku ya 14 jioni acha kugeuza, yalaze mayai juu ya wavu au kitambaa chenye mkwaruzo, na pandisha unyevu hadi asilimia 65 au 70. Kuanzia hapo usifungue kifuniko. Vifaranga hutoka siku ya 17 au 18, na aliyetoka anaweza kukaa humo saa 24 bila chakula. Ukifungua kumtoa mmoja, utando wa wenzake waliokwisha kutoboa hukauka na kuwanasa.

Wakitoka siku ya 16, joto lilizidi. Siku ya 19 au 20, lilipungua. Yapasue yasiyototoa. Pete ya damu ni kifo cha mapema, mara nyingi kwa sababu ya uhifadhi mbaya au joto kupanda ghafla. Kifaranga aliyekamilika lakini amelowa majimaji alipata unyevu mwingi mno.

Kwenye boksi la kulelea, wiki ya kwanza joto liwe nyuzi 35 hadi 37. Usitandike gazeti, linateleza na miguu hutanuka, weka kitambaa. Chombo cha maji kijaze kokoto, kwa kuwa kifaranga wa gramu 8 huzama kwenye kina cha sentimita moja. Chakula kiwe na protini asilimia 24 au zaidi, kisagwe laini.